Mti huchaguliwa kwa mwezi wake

Anayetaka kupanda kitu cha kudumu uani kwake huuliza kwanza mti upi unazaa sana. Muuza miche naye humjibu kwa wingi: embe hili hutoa magunia, mpapai huu hauchoki, parachichi lile halina mfano. Swali hilo ndilo lililojaza viwanja vyetu miti inayozaa kwa pamoja na kulala kwa pamoja. Mwembe mkubwa wa Desemba huangusha matunda kuliko familia inavyoweza kuyala, wakati huohuo wa jirani unaangusha, na sokoni embe halina bei. Ukifika Julai, wote wawili hawana kitu. Familia haili wastani wa mwaka; inakula leo na kesho, na mboga iliyokosekana Februari hairudishwi na embe lililooza Desemba. Hoja yangu ni kwamba mmea wa kudumu wa nyumbani upimwe kwanza kwa mwezi unaotoa chakula, kisha ndipo upimwe kwa kiasi. Kwa kipimo hicho orodha ya mimea bora hubadilika. Miti kadhaa inayosifiwa hushuka, na mimea ambayo wengi huiona ya kimaskini hupanda hadi juu kabisa.

Tuchukue kiwanja cha mita 20 kwa 20, kipimo anachokijua kila aliyenunua ardhi pembezoni mwa Dar es Salaam, Tanga au Morogoro. Nyumba, choo, karo na njia vikishachukua sehemu yao, hubaki eneo dogo la kupanda. Mvua za ukanda huu huja mara mbili, vuli kati ya Oktoba na Desemba, masika kati ya Machi na Mei, na katikati yake kuna mapengo mawili. La kwanza ni Januari na Februari, miezi ya jua kali na upepo wa kaskazi. La pili ni refu zaidi, kuanzia Juni hadi Septemba, wakati kusi inavuma na udongo wa juu unageuka vumbi. Mwenye bustani ya mchicha peke yake huyapita mapengo hayo akiwa na dumu mkononi. Katika jua la Januari, mita moja ya mraba ya kitalu hupoteza takriban lita 5 za maji kwa siku. Tuta la mita moja kwa kumi linadai lita 50, yaani madumu mawili na nusu, kila siku ya Mungu. Mchicha huvunwa baada ya wiki tatu hadi nne, kwa hiyo mkupuo mmoja hunywa zaidi ya lita 1,000 kabla ya kung'olewa, na ukishang'olewa hakuna kinachobaki ardhini: mbegu upya, maji upya, kazi upya. Mwenye kisima ataweza. Anayenunua maji kwa dumu hataweza, na hapaswi kulaumiwa kwa kuacha tuta likauke. Tena masika yenyewe hayana dhamana, kwa sababu mvua kubwa huzamisha vitalu vya mabondeni na kuyatapakaza majani tope, na fungu la mchicha likawa adimu huku nchi nzima imekoza kijani.

Mmea wa kudumu huingia kiangazi ukiwa na akiba mbili ambazo mchicha hauna. Ya kwanza ni kina cha mizizi: udongo wa chini hubaki na unyevu wiki nyingi baada ya tabaka la juu kukauka, na mzizi ulioufikia huendelea kunywa. Ya pili ni wanga uliohifadhiwa kwenye shina na mizizi, ambao huuwezesha mmea kuchipua baada ya kukatwa hata kama mvua haijarudi. Watafiti wa nafaka wamelichukulia jambo hili kwa uzito mkubwa. Katika jimbo la Yunnan, China, walizalisha mpunga wa kudumu kwa kuchanganya mpunga wa kawaida na mpunga mwitu wa Afrika, ule wenye mashina yanayotambaa chini ya ardhi, ambao wakulima wa mabondeni kwetu huung'oa kama gugu. Aina yao ya PR23 ilitolewa kwa wakulima mwaka 2018, na matokeo yaliyochapishwa 2022 yalionyesha mavuno manane mfululizo ndani ya miaka minne kutokana na kupanda mara moja, kwa wastani wa tani 6.8 hivi kwa hekta, sawa na mpunga unaopandwa upya kila msimu. Kazi katika misimu ya kuchipua ilipungua kwa zaidi ya nusu. Shamba la mpunga si ua wa nyumba, lakini matokeo hayo yanajibu dhana iliyozoeleka kwamba mmea unaodumu lazima utoe kidogo.

Ushahidi mkubwa zaidi tunao hapahapa, Kilimanjaro. Kihamba cha Wachagga kwenye miteremko ya kusini kina miti mirefu juu, migomba chini yake, kahawa chini ya migomba, magimbi na viazi vikuu chini kabisa, na masale mpakani. Utafiti uliochapishwa mwaka 1984 na Fernandes, O'Kting'ati na Maghembe ulikuta kihamba cha wastani kina hekta 0.68 na kinatoa kwa mwaka kilo 125 za maharage, kilo 280 za kahawa na mikungu 275 ya ndizi. Wengi wanaosoma takwimu hizo hutazama kahawa, kwa kuwa ndiyo iliyoleta fedha na kulipa ada za shule. Kinachostahili kutazamwa zaidi ni mikungu. Mikungu 275 kwa mwaka ni zaidi ya mitano kwa wiki, na hakuna wiki iliyosubiri msimu. Bei ya kahawa ilipoyumba katika soko la dunia, mapato yaliyumba pamoja nayo, lakini jikoni mgomba haukujua habari hizo. Hiyo ndiyo sababu miteremko ile imeweza kulisha watu wengi kwenye ardhi ndogo kwa vizazi vingi, na ni sehemu ya sababu FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, iliitambua Shimbwe Juu, kijiji cha miteremko hiyo, mwaka 2011 kuwa urithi wa kilimo wenye umuhimu wa dunia.

Atakayesema Kilimanjaro si Kibaha atakuwa amesema kweli. Kule kuna mvua nyingi, udongo wa volkano, na mifongo inayoleta maji kutoka msituni. Kuhamisha orodha ya mimea ya kihamba na kuipanda kwenye mchanga wa Mkuranga ni kupoteza miche. Kinachohamishika ni utaratibu wa kuchanganya mimea ya kudumu ambayo miezi yake ya kutoa haifanani, ili pasiwe na wiki tupu. Kila mahali patatafuta mimea yake.

Kwa pwani na nyanda za chini, nafasi ya kwanza naipa kisamvu cha mpira. Mti huu wa jamii ya muhogo una asili ya Ceará, kaskazini-mashariki mwa Brazil, na Wajerumani waliupanda kwa wingi katika koloni lao la Afrika Mashariki kwa ajili ya utomvu. Kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia mpira wake ulikuwa miongoni mwa mazao makuu yaliyosafirishwa nje. Mwaka 1913 bei ilianguka, kwa kuwa mpira wa mashamba ya Asia ya Kusini-Mashariki ulikuwa umefurika, na mashamba mengi yakaachwa. Mti ambao haukuwa tena na faida kwa mwenye shamba ukaendelea kuwa na faida kwa mwenye kinu. Tena haukuishia kwenye chungu. Kuanzia miaka ya 1930, katika kituo cha utafiti cha Amani, milimani Usambara, watafiti Storey na Nichols walichanganya muhogo na mti huu ili kupata ukinzani dhidi ya magonjwa ya batobato na michirizi ya kahawia, na vizazi vya kazi ile vilitumika baadaye kuzalisha aina za muhogo zilizosambaa barani. Ni mmea wenye heshima kubwa kuliko wanaoupita njiani wanavyoufikiria.

Sababu ya kuuweka juu ni ya kikalenda. Anayechuma majani ya muhogo wa kawaida mara kwa mara huupunguzia mzizi wake chakula, kwa hiyo kisamvu cha leo hulipwa na muhogo mdogo wa kesho. Kisamvu cha mpira hakitegemewi kwa mzizi, unaweza kukikata bila hesabu hiyo. Katika kiangazi kikali huelekea kupukutisha majani, na hapo ndipo wengi hukata tamaa nacho. Lakini mti unaopogolewa kwa wakati wake hurudisha machipukizi kutokana na akiba ya shinani. Ukipogoa mwishoni mwa Mei, udongo ukiwa bado na maji ya masika, utavuna majani machanga mwezi wa Julai. Ukipogoa tena katikati ya Desemba, utavuna Januari na Februari. Usiuache upite kimo cha mtu mzima aliyenyoosha mkono, kwa sababu jani lisilofikika halina thamani jikoni. Protini ya majani ya muhogo hukaribia asilimia 20 ya uzito wake mkavu, kiwango kizuri kwa mboga ya majani.

Yapo mashaka kuhusu sumu, na ni mashaka ya haki. Majani ya jamii hii yana viambata vinavyozalisha sianidi. Utaratibu wa kina mama wa kutwanga kwa muda mrefu kwenye kinu ndio unaovunja chembechembe za jani na kuiacha sumu ijitoe, kisha kuchemsha sufuria ikiwa wazi huifukuza kwa mvuke. Anayekata majani kwa kisu na kuyapika haraka chini ya kifuniko ameruka hatua zote mbili. Kutwanga ni sehemu ya usalama wa chakula hiki, kama kilivyo kipimo cha dawa, na mashine ya kusaga inaweza kuchukua nafasi ya kinu mradi majani yasagike kweli na yachemke bila kufunikwa kabla ya kutiwa tui.

Mlonge huja wa pili, ingawa magazeti na wauza unga wameupandisha mbinguni. Una asili ya kaskazini mwa India, huvumilia ukame, na majani yake yana vitamini A, chuma na protini. Madai kwamba unatibu kila ugonjwa hayana msingi, na sifa za vitamini C zinazotajwa kwenye vifungashio hutokana na jani bichi. Likikaushwa na kupikwa, sehemu kubwa ya vitamini hiyo hupotea. Kwa familia, mlonge ni mboga. Ukiutazama hivyo tu, bado ni mmea wa thamani kubwa, kwa sababu ukikatwa kwenye kimo cha mita moja huchipua na kuwa tayari baada ya wiki sita hivi. Hapa pana jambo moja ambalo wapandaji wengi hulikosea. Pando la tawi hukua haraka na hufurahisha macho, lakini mmea uliotokana na mbegu ndio unaoshusha mzizi mkuu mnene ardhini. Anayeutaka mlonge wa Agosti, na aupande kwa mbegu palepale utakapoishi, asiulee kwenye kifuko mpaka mzizi ukajikunja.

Mbaazi ni mfano ulio wazi kuliko yote wa mmea kuchaguliwa kwa mwezi wake. Wakulima wa Lindi, Mtwara na Manyara huipanda pamoja na mahindi, mahindi huvunwa, nayo hubaki shambani ikitumia unyevu wa chini ambao mahindi hayakuufikia, na huvunwa kiangazi, kati ya Julai na Oktoba, wakati mashamba ya jirani yamebaki mabua. Mizizi yake hushirikiana na bakteria kurutubisha udongo kwa naitrojeni. Uani, ikikatwa baada ya mavuno, hudumu miaka mitatu au zaidi, ingawa mavuno ya kwanza na ya pili ndiyo bora. India ilipoweka ukomo wa uagizaji mwezi wa Agosti 2017, bei ya mbaazi nchini Tanzania iliporomoka na wakulima waliopanda kwa ajili ya meli waliumia sana. Tukio lile lilionyesha udhaifu wa zao la soko moja, na halikugusa hata kidogo thamani ya mbaazi ya nyumbani, mbichi au kavu, iliyopikwa kwa nazi na kuliwa na mahamri asubuhi. Mibaazi michache ukingoni mwa ua, mitano au sita, huipatia nyumba kikunde cha miezi mikavu. Aina kama Mali, iliyotolewa kwa ajili ya kustahimili mnyauko, inastahili kutafutwa badala ya mbegu yoyote ya gengeni.

Mgomba hauna pengo la wazi, kwa sababu kila shina hufuata saa yake lenyewe. Shina hufa baada ya mkungu, shina jingine limeshasimama pembeni, na kanuni ya mama, binti na mjukuu katika kila shimo inatosha kuweka zamu. Udhaifu wake ni maji, na pwani hilo lilipatiwa jibu zamani: mgomba hupandwa pale maji ya bafuni yanapotokea. Yupo anayeona jambo hilo kuwa la uswahilini. Kwa kweli ni matumizi bora kabisa ya maji ambayo yangetuama na kunuka, mradi yasielekezwe kwenye mboga zinazoliwa mbichi. Hesabu ya miezi nayo ina sura nyingine pwani, kwa sababu ya Ramadhani. Bei ya ndizi, magimbi, mihogo na viazi vya futari hupanda mwezi huo, nao hauna miadi na kalenda ya mvua: mwaka 2016 ulianza mapema Juni, mwaka 2025 ulianza mapema Machi, na unaendelea kurudi nyuma kwa siku kumi au kumi na moja kila mwaka. Hakuna zao la msimu linaloweza kuufuata mwezi unaozunguka. Mimea inayotoa mwaka mzima, kwa zamu, ndiyo pekee inayoweza kuukuta popote ulipo.

Mpapai nao hutoa bila kusubiri msimu na huanza kabla ya mwaka kuisha au muda mfupi baadaye, ila panda miche mitatu kwenye shimo moja na ung'oe ya dume ikishachanua, kwa kuwa mche mdogo hauonyeshi jinsia yake. Mdimu unahitaji ujanja kidogo: ukiunyima maji kwa wiki kadhaa kisha ukaumwagia kwa wingi, huchanua nje ya msimu, na tunda hukomaa miezi mitano hivi baadaye. Anayehesabu vizuri huvuna ndimu wakati moja sokoni inauzwa kwa bei ya kushangaza. Nderema na matembele zinaenea ardhini au kwenye ua wa fito, na zote mbili hujirudia kutokana na kamba zake zenyewe. Mchaichai na pilipili hazihitaji maelezo.

Sasa niyageukie mapingamizi, maana yapo yenye uzito. La kwanza ni la muda: wapangaji ni wengi mijini, na nani atapanda mti ambao mwenye nyumba atauvuna? Kwa mnazi, unaoanza kuzaa baada ya miaka sita au saba, pingamizi hilo ni sahihi kabisa. Lakini matembele huchumwa ndani ya miezi miwili, mbaazi huzaa mwaka uleule, na nderema hukubali kuishi kwenye gunia la udongo. Zaidi ya hapo, mimea inayozaliana kwa mapando ndiyo mpangaji anayoweza kuhama nayo: fimbo chache za kisamvu cha mpira, kamba za matembele na chipukizi mbili za mgomba huingia kwenye gari la mizigo pamoja na vitanda. Mdimu ulio kwenye pipa huhamia nao. Aliyewekeza kwenye matuta ya mchicha huacha kila kitu.

La pili ni la mbu na nyoka, na limefanya watu wengi wafyeke kila kijani mpaka kwenye ukuta. Baadhi ya mbu wakuu wa malaria kwetu hupenda kutaga kwenye maji yaliyotuama juani, yaani mashimo ya matofali, alama za matairi na madimbwi ya ujenzi. Makwapa ya majani ya mgomba na magimbi hushika maji kidogo, na baadhi ya mbu wengine huzaliana humo; hata hivyo yule wa dengi, ugonjwa uliolipuka Dar es Salaam mwaka 2014 na tena 2019, huzaliana zaidi kwenye ndoo, makopo, vyungu na matairi yaliyoachwa wazi. Kumwaga maji hayo kunaokoa watu kuliko kufyeka mgomba. Kuhusu nyoka, wanafuata panya na vichaka vizito vya chini. Mimea ya kudumu iliyopogolewa, isiyogusa ukuta, yenye nafasi safi ya mita mbili au tatu kutoka dirishani, haiwapi maficho. Hilo la umbali lina faida nyingine: mwembe, mparachichi na mfenesi haipaswi kupandwa karibu na msingi wala karo hata kidogo, na kwenye kiwanja cha mita 20 kwa 20 mti mmoja wa aina hiyo unatosha, ukipandikizwa na kupogolewa ubaki mfupi.

Pingamizi zito kuliko yote ni la magonjwa. Anayepanda mboga za msimu anaweza kubadilisha tuta kila mara na kuuacha ugonjwa bila mwenyeji. Mmea wa kudumu hukaa pale pale, na adui zake huongezeka miguuni pake. Mnyauko bakteria wa migomba uliingia Uganda mwaka 2001 na ukafika Kagera 2006, na familia ambazo maisha yao yote yalisimama juu ya kibanja cha migomba ziliona mashina yakikauka moja baada ya jingine. Panga lililokata shina gonjwa lilibeba maradhi hadi shina zima, na wadudu wanaotembelea ua dume waliyabeba mbali zaidi. Batobato ya muhogo nayo husafiri ndani ya pando linalotolewa kwa jirani kwa nia njema. Siwezi kuliondoa pingamizi hili kwa maneno. Linanilazimisha kuikaza hoja: uimara unaozungumzwa hapa uko kwenye mchanganyiko, na ua wenye migomba mitupu uko hatarini kama shamba la mahindi matupu. Ua dume likatwe kwa kijiti chenye panda mara kichana cha mwisho kinapotokea, panga lipitishwe kwenye moto kabla ya kuhamia shina jingine, chipukizi zitoke kwa mtu ambaye shamba lake umeliona kwa macho, na pando la muhogo lenye jani lililokunjamana lisipokewe hata likitolewa bure. Familia yenye jamii saba au nane za mimea itapoteza mmoja na kuendelea kula.

Kuna tahadhari moja inayowahusu wanaohamasisha zaidi ya wanaopanda. Sifa ya kuvumilia ukame pekee haitoshi. Mti wa mathenge uliletwa Baringo, Kenya, katika miaka ya 1980 kwa sababu hiyohiyo ya kustahimili jua na kuzuia jangwa, ukavamia malisho na mifereji, ukaharibu meno ya mbuzi, hata wakazi wakaishtaki serikali mahakamani. Mmea wa kigeni usiojulikana mahali pako uchunguzwe kwanza unavyosambaa. Hata kisamvu cha mpira hujiotea chenyewe kikiachwa kitoe mbegu, na kupogoa kwa wakati huliondoa tatizo hilo.

Wapo pia wanaosema bustani ya nyumbani ni ya kupendeza macho, chakula kina mahali pake. Ua wa pwani haujawahi kutenganisha hayo mawili. Asumini, mlangilangi, mkadi na mrehani ni mimea ya kudumu, na ndiyo inayotoa maua na majani ya kikuba ambacho wanawake wa Lamu, Mombasa na Unguja hukibandika kwenye nguo kwa harufu yake. Asumini kwenye mlango wa mbele haikatazi mlonge nyuma ya jiko. Kinachopaswa kupungua ni nyasi za mapambo zinazonywa maji kila jioni ya Februari bila kutoa hata jani moja la kutia sufuriani. Mchicha na ubaki, kwa kuwa hakuna mboga ya haraka kama huo, lakini upewe tuta moja wakati mvua inapolipa gharama yake.

Anayekusudia kuanza asisubiri mawingu. Mashimo ya migomba na miti ya matunda, yenye sentimita 60 kila upande, yachimbwe Agosti, yajazwe samadi iliyooza na udongo wa juu, ili yatulie kabla ya vuli; kilichopandwa kwa mvua za kwanza za vuli hupata miezi ya kushusha mizizi kabla ya jua la Januari, na aliyekosa vuli ana nafasi ya Machi. Matandazo ya majani makavu yafunike ardhi yote iliyobaki wazi, bila kugusa shina. Kwa aliye na nafasi ya mimea mitatu tu, uamuzi wangu ni huu: mgomba kwenye maji ya bafuni, mbaazi ukingoni mwa ua, na kisamvu cha mpira karibu na mlango wa jiko, kisizidi kimo cha anayekichuma.